Kwenda Inakwenda, Kurudi Inazima

Ukitaka kumuudhi mke wangu Priska, mwite fundi mwanamke. Atakutazama juu ya miwani yake, akuulize kama mashine yako imelalamika kushikwa na mwanamke, kisha ataendelea na kazi. Nimeishi naye miaka thelathini na moja hapa Iyula, nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kwa mshahara wa ualimu peke yake nyumba yetu isingekuwa na bati. Nalisema hilo bila aibu. Aibu yangu iko mahali pengine, nitaifikia.

Kazi yake kubwa ni mashine za kumenyea kahawa. Marehemu baba yake, mzee Hezron, alikuwa mtunzaji wa mashine ya kikundi cha wakulima, na kwa kuwa watoto wake wa kiume hawakupenda grisi, alimfundisha yule aliyeipenda. Kutoka kwenye kahawa Priska akaingia kwenye mashine za mahindi, pikipiki, misumeno ya kupasulia mbao na mabomba ya injini ya kupulizia dawa. Chochote kinachovutwa kamba kikawaka, kinaletwa kwetu.

Ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuliacha swali. Siku ya harusi yetu jenereta la kanisa lilianza kukohoa nje, na mchungaji akalazimika kumuuliza mara mbili kama anakubali kuolewa nami. Shela lilikuwa linatazama madhabahu, masikio yalikuwa kwenye jenereta. Alikubali mara ya pili, na tulipotoka tu alikwenda kuangalia kichujio cha mafuta.

Mwaka huu, mwezi wa sita, kahawa ikiwa imeiva na mimi nikiwa sina muda hata wa kunyoa, ilifika bajaji ya mizigo imebeba injini ya boti. Aliyekuja nayo aliitwa Makene, mtu wa makamo kutoka Kamsamba, kule bondeni kwenye joto. Baba yake alihamia huko na ng'ombe kutoka Usukumani, na Makene akauza baadhi ya ng'ombe akanunua boti. Alfajiri boti hiyo hupeleka watu na vyakula kwenye kambi za wavuvi wa Ziwa Rukwa, na mchana hurudisha watu na samaki.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeelekezwa kwa mama," aliniambia. "Mtu wa mashine ya mpunga kule kwetu ndiye aliyeniambia nije."

Injini yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, jina la kiwanda halisomeki. Priska hakuwahi kushika injini ya boti, lakini aliizunguka mara mbili, akafungua kifuniko, akatabasamu. Alisema ni mjomba wa bomba la kupulizia dawa, kubwa zaidi na lenye mkia. Tuliifunga kwenye gogo, mkia wake ukaingia kwenye pipa la maji ya kijitoni, maana injini ya namna hiyo hupozwa na maji na ukiiwasha kavu inaungua.

"Inakusumbua nini?" Priska aliuliza.

"Inazima, mama. Inazima ziwani na haiwaki."

Alifungua plagi mbili. Zilikuwa zimelowa petroli, nyeusi. Alizikausha, akazisugua kwa msasa, akaziegemeza kwenye chuma cha injini huku Makene akivuta kamba. Kwenye kila plagi cheche ikaruka, ya bluu, yenye mlio. Alizirudisha, akavuta mara mbili, injini ikanguruma na kujaza uwanja moshi.

Sasa aibu yangu. Hatua kumi kutoka kwenye lile pipa zilikuwapo meza zangu za kuanikia kahawa. Kahawa iliyomenywa inanyonya harufu upesi mno. Ipitishie moshi wa petroli, na mwonjaji wa mnunuzi atakurudishia gunia zima. Nilipiga kelele kwamba kahawa yangu inaharibika. Priska alinitazama, akaizima. Ilikuwa imewaka dakika tano, labda sita.

"Injini yako nzima," alimwambia Makene. "Umeona moto wa plagi kwa macho yako. Kosa ni la mwendeshaji. Anavuta choki ya kuongeza petroli ovyo, anavuta kamba bila kupumzika, petroli inafurika, plagi zinalowa. Nani anaiendesha?"

"Shemeji yangu, Ombeni. Kamuoa dada yangu."

"Basi mwambie mtu mwenye akili timamu hafanyi hivi."

Makene alicheka, nami nikacheka. Priska ana ulimi, na wateja wake huja wakijua.

Mwezi wa saba injini ikarudi. Ilikuwa ile wiki ya ukungu, wakati hapa kwetu hata mbuzi wanagoma kutoka bandani. Plagi zimelowa vilevile. Priska aliutenganisha waya wa kitufe cha kuzimia ili aone kama ndiyo unaokula moto, akakuta hauna neno. Cheche safi. Injini ikawaka kwa mvuto mmoja. Nami nikaimba wimbo wangu wa kahawa, naye akaizima upesi kuliko mara ya kwanza. Maneno aliyompa Makene safari hiyo yalikuwa na pilipili zaidi, siyarudii. Makene hakucheka sana.

Mwishoni mwa mwezi wa nane alikuja mara ya tatu, na alipotusalimia hakututazama usoni.

"Mama, nimemtoa Ombeni kwenye boti," alisema. "Maneno yako ndiyo yaliyonifungua macho."

Priska alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini.

Makene akaeleza. Ombeni zamani alikuwa mlevi, mlevi hasa, wa kulala njiani. Aliacha miaka sita iliyopita, na watu wote wa Kamsamba waliona. Ndipo Makene alipomkabidhi boti, na kwa miaka sita hapakuwa na lawama. Mwaka huu injini ikaanza kuzima, na kuzima kwenyewe kukawa na mtindo wake. Asubuhi wakienda kambini inakwenda vizuri. Mchana wakirudi inazima katikati ya maji, abiria wanapiga makasia huku viboko wanawatazama. Kwenda inakwenda, kurudi inazima. Na kambini kuna nini? Kuna pombe.

"Uliposema mwendeshaji hana akili timamu, nikaunganisha," Makene alisema. "Dada yangu Edina naye akaunganisha. Alishateseka na ulevi wake mara ya kwanza, akasema mara ya pili haiwezi. Amechukua watoto, amerudi kwangu tangu mwezi wa saba. Ombeni anaapa hajagusa pombe. Nani atamwamini? Sasa anafyatua tofali za watu."

"Na boti anaendesha nani?"

"Mimi mwenyewe. Juzi na jana imenizimia na mimi. Nimejua keshaiharibu ndani yule. Naomba utengeneze alichoharibu."

Priska alichukua pula, kile chuma cha miguu mitatu cha kung'olea, akaling'oa gurudumu zito lililo juu ya injini. Chini yake ndipo moto wote wa injini unapozaliwa: gurudumu lina sumaku, linazunguka juu ya koili, yaani waya mwembamba kuliko unywele, uliosokotwa mara maelfu, na umeme unaotoka hapo unakwenda kwenye kisanduku cheusi na baadaye kwenye plagi. Alitafuta kilichovunjwa, kilichogongwa, kilichoingia maji. Hakukuta hata mkwaruzo.

Ndipo alipoanza maswali yake.

"Unaondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Na kurudi?"

"Saa saba, saa nane."

"Ukirudi, inakwenda muda gani kabla ya kuzima?"

"Nusu saa, pungufu kidogo."

"Ikizima, inakufa moja kwa moja?"

"Hapana. Tunavuta mpaka mikono inauma, tunachoka, tunaanza makasia. Baadaye ukijaribu inawaka kana kwamba haijawahi kukosea."

"Juzi na jana ulikuwa umekunywa?"

Makene alijiinua kwenye kigoda. "Mimi sinywi, mama. Sijawahi."

"Basi hukunywa, na imezima vilevile."

Makene alituachia injini akaenda kwa jamaa zake Vwawa kusubiri. Priska alikaa kwenye kile kigoda mpaka chai ikapoa.

"Mwalimu," aliniambia, "nimemponza mtu ambaye sijawahi kumwona."

Nilijaribu kumtuliza. Nilisema yeye alisema plagi zimelowa, neno la pombe waliliongeza wenyewe. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nilimjua: alikuwa anaumia, na papo hapo alikuwa ameshashikwa na swali, na vitu hivyo viwili ndani ya Priska havigombani.

Kesho yake alilihamisha pipa mpaka chini kijitoni, mbali na kahawa, maji ya kijito yakiingia na kumwagika bila kukoma, akarudisha kila kitu mahali pake na kuiwasha injini. Aliiacha ingurume dakika arobaini kwa saa ya simu. Upepo ulikuwa unakata masikio. Injini haikuzima. Ilinguruma bila kutikisika, na Priska akazidi kununa.

"Labda Makene anasema uongo," nilisema.

"Mwezi wa sita iliwaka muda gani?"

"Sikumbuki."

"Dakika tano. Na wa saba pungufu ya hapo. Nilikuwa nataka kuiacha nusu saa, wewe ukapiga kelele ya kahawa."

Magunia mawili ya kahawa safi niliyavuna kweli, na mtu mmoja huko bondeni anafyatua tofali. Niliona haya mpaka nikavua kofia, sijui kwa nini kofia.

Lakini Priska hakuwa ananilaumu, alikuwa anafikiri kwa sauti. Alikuwa ananitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Umevaa nini?"

"Koti. Na sweta ndani."

"Kamsamba watu wanavaa nini mwezi wa nane?"

"Shati. Wengine hata shati hawana."

"Na maji ya ziwa lao yakoje mchana?"

Nilimwambia nilipokwenda kusimamia mitihani kule niliyaogea, yalikuwa ya moto kama yametengwa jikoni. Alitumbukiza mkono kwenye pipa letu, akautoa umekufa ganzi. Akazima injini, akabeba vifaa vyake akapanda nyumbani karibu anakimbia, na mwanamke huyu ana miaka hamsini na minne.

Alilitoa tena lile gurudumu, akaifungua koili na kuiweka mezani. Ana kipimo cha umeme, cha njano, kilichofungwa mpira baada ya kuanguka mara nyingi. Alikigusisha kwenye nyaya mbili za koili. Kikaandika mia mbili na kumi na kitu.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" niliuliza.

"Nzuri. Njia haijakatika. Chukua chaki."

Jikoni kwetu, juu ya mafiga, kuna kichanja tunachokaushia mahindi ya mbegu. Aliiweka koili pale juu, kwenye joto la moshi, mbali na ndimi za moto. Mimi nilisimama mlangoni na chaki, na kila baada ya dakika kadhaa alipima na kunitajia namba, nami nikaiandika kwenye ubao wa mlango. Mia mbili na ishirini. Mia mbili thelathini. Mia mbili thelathini na tano. Nilianza kuboreka. Nilikuwa nataka kumwambia nina kahawa ya kugeuza aliposema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Moja."

"Mia mbili na moja?"

"Moja tupu, pembeni kabisa. Maana yake njia imekatika. Kipimo hakioni waya."

Aliichukua kwa kitambaa akaitoa nje kwenye upepo, akaishika juu kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Baada ya muda akapima. Mia mbili na kumi na kitu. Alirudi jikoni. Moja. Nje. Mia mbili na kumi na kitu. Alirudia mara nne, na mara ya nne alicheka peke yake, kicheko kile cha msichana, mimi nacheka kwa kuwa yeye anacheka.

Alinieleza akiwa bado ameishika. Ndani ya msokoto ule kuna mahali waya umekatika, mkato mdogo usioonekana, na ncha zake zinagusana. Kukiwa na baridi zinagusana na umeme unapita. Koili ikipata moto, vitu vinatanuka, ncha zinaachana, moto wa plagi unakufa. Ikipoa, zinarudiana. Asubuhi Kamsamba kuna ubaridi kidogo, injini haijachemka: inakwenda. Injini ikipigwa jua kutwa kambini, kisha ikafanya kazi nusu saa mchana: inazima. Hapa Iyula isingezima hata ungeiwasha mpaka Krismasi.

"Na plagi kulowa?"

Kicheko kikaisha. "Plagi zinalowa kwa sababu moto umekufa na yeye bado anavuta kamba. Petroli inaingia, hakuna cha kuichoma. Mimi niliona petroli nikasema petroli ndiyo iliyoua moto. Nilisoma kinyume, mwalimu." Akakaa kwenye gunia. "Na yule mtu alikuwa anavuta kamba kwa sababu ana abiria katikati ya viboko. Ungevuta hata wewe."

Koili nyingine tulikwenda kuitafuta Tunduma. Karibu na mpaka kuna mama mmoja, Nesta, anauza vipuri vya injini zilizokufa, na pembeni yake siku hiyo alikuwa amekaa muuzaji mwenzake kutoka ng'ambo, Nakonde. "Mulefwaya nshi, bamayo?" yule Mzambia aliuliza, unatafuta nini, mama, na Priska akamwonyesha ile mbovu. Walipekua maboksi mpaka ikapatikana inayofanana. Watu walidhani biashara imekwisha. Priska alimwomba kijana wa chipsi wa jirani aiweke koili karibu na jiko lake, akakaa pale na kipimo chake robo saa nzima, watu wamemzunguka. Namba ilipanda kidogo, haikukatika. Nesta alisema tangu aanze biashara hajawahi kuona mteja anayekaanga kipuri.

Niliamini kazi imekwisha: weka mpya, mpe Makene, omba radhi kwa simu. Priska alikataa. Aliifunga tena koili mbovu kwenye injini.

"Nikiweka mpya, boti itakwenda vizuri," alisema. "Na Kamsamba watasemaje? Watasema mama katengeneza alichoharibu Ombeni. Lazima izime. Izime mbele ya watu, mikononi mwa mtu asiyekunywa."

Basi tulishuka Kamsamba, mimi, yeye, Makene na injini, kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga. Kila kona ya mlima tuliyoshuka nilivua nguo moja. Priska alikuwa na furaha isiyofichika kuhusu lile joto, alinyoosha mkono nje ya dirisha kulipima.

Asubuhi iliyofuata Makene alipeleka abiria kambini kama kawaida, nasi tukiwa ndani. Injini haikukosea. Kambini Priska aliomba mbele ya wavuvi kwamba Makene asikae na mtu yeyote mwenye kikombe, akae na yeye. Walikunywa chai ya rangi kuanzia saa mbili mpaka saa saba, wakiwa wanaonekana na kila mtu. Injini ilikaa juani, kifuniko chake huwezi kukigusa.

Tuliondoka na abiria kumi na mmoja na matenga ya samaki. Mimi naogopa maji, nilishika mbao kwa mikono miwili. Priska alishika simu, anatazama dakika. Ishirini na tatu, injini ikakohoa mara moja na kuzima. Ukimya wa ziwa ule sitausahau. Mama mmoja muuza samaki alisema, "Haya, leo nani kalewa?"

Priska alikuwa ameshafungua plagi. Aliiegemeza kwenye chuma, akaikinga jua kwa kanga yake ili watu waone vizuri, akamwambia Makene avute. Makene alivuta. Hakuna cheche. Alivuta tena, na tena. Priska aligusisha kipimo kwenye nyaya za koili na kumpa yule mama wa samaki asome.

"Kimeandika moja," alisema mama.

"Kishike hapohapo. Usikiachie."

Tulielea. Baada ya dakika kama arobaini, upepo wa ziwa ukipita kwenye injini iliyovuliwa kifuniko, mama wa samaki alisema namba zimerudi. Priska alikausha plagi, Makene akavuta, cheche zikaruka; plagi ikarudishwa, injini ikawaka. Makene alikaa chini kwenye samaki. Alikuwa amemfukuza mume wa dada yake kwa jambo alilolishika sasa kwa mkono wake mwenyewe, na lilionekana usoni.

Mwaloni, mahali boti zinapofungwa, Priska alifunga ile koili nyingine. Makene aliita abiria waliokuwa wanangojea safari ya ziada jioni hiyo, akatuma mtu amwite Ombeni. Huyo alikuja na udongo wa tofali mpaka viwikoni, mwanamume mrefu, mkimya, akasimama mbali kidogo na maji. Mke wangu ndiye aliyemfuata.

"Wewe ndiye Ombeni?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye fundi wa Iyula niliyesema huna akili timamu. Nilikosea. Injini ilikuwa mbovu, mimi nikakuita wewe mbovu. Nimekuja kuomba radhi, na nimelisema hili wakinisikia hawa wote."

Ombeni alitazama injini. Makene alimnyooshea kamba ya boti. "Shemeji, abiria wako hawa."

Ombeni hakuipokea. "Mama," alimwambia Priska, "naomba uniandikie hayo."

"Kaka yake Edina si yupo?" Priska aliuliza. "Atamweleza."

"Kaka yake akimweleza, atasema wanaume tumeyamaliza wenyewe. Edina hajui koili, lakini anajua kusoma."

Mimi nina kalamu na daftari mfukoni kila siku, ni mazoea ya kazi. Nilitaka kumwandikia, mwandiko wa Priska ni wa kuku. Alininyang'anya kalamu, akasema yeye ndiye aliyesema. Aliandika amepiga magoti kwenye mchanga: kwamba yeye ni fundi Priska wa Iyula, kwamba injini ilizima leo mchana mikononi mwa Makene na hakuna aliyekunywa, kwamba waya ndani umekatika na unaachana ukipata joto, na kwamba alimsingizia mume wa mtu bila kumjua. Ombeni alisoma pole pole, midomo ikitembea.

"Ongeza na mwezi wa saba," alisema. "Uandike kwamba na mwezi wa saba ilikuwa hivyohivyo."

Priska akaongeza. Ombeni aliikunja karatasi, akaosha mikono ziwani ili asiichafue, akaenda nayo kwa miguu kuelekea nyumbani kwa Makene. Abiria walinung'unika kwamba jua linakwenda. Makene aliwaambia wangoje.

Waliporudi, Edina alikuwa mbele. Ni mwanamke mdogo wa umbo, karatasi iko mkononi, na alikuja moja kwa moja kwa mke wangu. Priska alisimama. Nilidhani atapigwa, na nadhani Priska naye alidhani hivyo, maana aliweka spana chini.

"Ni wewe umeandika?"

"Ni mimi."

"Mimi nilikuwa namnusa mdomo," Edina alisema. "Kila jioni akirudi kutoka ziwani, kabla hajakaa. Mwezi wa sita wote na wa saba. Hakunuka hata siku moja, mama. Nikasema fundi hawezi kukosea, nikachukua watoto."

Ombeni alikuwa nyuma yake, amesikia yote. Alimpita polepole, akapokea kamba kwa Makene, akaingia kwenye boti. Priska naye alipanda ili aisikilize injini njiani, akasogea kwenye ubao wa kukalia, Edina akapanda na kukaa kando yake, na Ombeni akavuta kamba ya injini, ikawaka.